Sukari iko kwenye damu, mguu unahusikaje? Miaka minne na panya wa kisukari, naomba niwaeleze nilichokiona

Mzawa wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, na wenzangu wa Nyanda za Juu poleni na baridi.

Kwenye uzi wa juzi kuhusu viazi na kisukari kuna dada aliuliza swali likapitwa: sukari iko kwenye damu, sasa mguu unahusikaje mpaka ukatwe? Akajibiwa kwamba kidonda kinagoma kupona, basi. Jibu si la uongo, ila limeruka katikati, na hapo katikati ndipo nilipofanyia kazi.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Kabla ya kurudi nyumbani Uyole nilikaa miaka minne kwenye maabara ya fiziolojia ya chuo kimoja, nikihudumia panya weupe na kupima mishipa yao ya damu.

Panya hapati kisukari kwa kunyweshwa chai tamu. Tulikuwa tunamchoma sindano moja ya streptozotosini, dawa inayotokana na bakteria wa udongoni. Imefanana na glukosi, kwa hiyo seli za kongosho zinazotengeneza insulini zinaipokea kama mgeni wa kawaida. Ikishaingia inaharibu DNA yao, zinakufa. Njia hii inajulikana tangu 1963. Ndani ya siku chache unajua imeshika hata kabla hujapima, chupa ya maji inakuambia. Panya mzima wa gramu 300 anakunywa kama mililita 30 kwa siku, wa sukari anapita 100. Asubuhi nikifungua mlango, maranda ya upande mmoja wa chumba makavu, ya upande wa pili yamelowa chapachapa. Wanakula kwa pupa huku wanakonda.

Sasa kipimo chenyewe. Baada ya wiki nane panya analazwa kwa dawa ya usingizi asiamke tena, tunatoa aota, ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo. Kwa panya unene wake ni kama tambi iliyochemshwa, mweupe, unateleza. Unautoa mafuta ya pembeni chini ya darubini, kisha unaukata vipete vya milimita tatu. Ndani ya kipete unapitisha vijiwaya viwili vyembamba, kimoja kimeshikizwa chini, kingine kimefungwa juu kwenye kifaa kinachopima mvuto. Kipete kinaning'inia kwenye maji yenye chumvi na glukosi, nyuzi joto 37, oksijeni ikibubujika humo muda wote. Mshipa unaishi humo kwa saa kadhaa. Unajikaza, unalegea, na kila kinachotokea kinachorwa kwenye skrini.

Kwanza unadondosha fenilefrini, ambayo ni ya ukoo mmoja na adrenalini. Kipete kinajikaza, mstari unapanda. Ukitulia juu unadondosha asetilikolini, kidogo kidogo, ukiongeza dozi. Kwa panya mzima mstari unateremka kama lori linaloshuka mlima Kitonga, taratibu lakini bila kusimama, mpaka karibu na ulikoanzia. Kwa panya wa sukari unashuka nusu njia, unakwama. Unaongeza dozi, umekwama palepale.

Mara ya kwanza nilidhani nimekichubua kile kipete. Maana ndani ya mshipa kuna tabaka moja tu la seli, linaitwa endothelia, na ukiligusa vibaya na ncha ya koleo limekwenda. Asetilikolini haiulegezi msuli wa mshipa yenyewe. Inazisemesha zile seli za endothelia, nazo zinatoa gesi iitwayo nitriki oksidi, inapenya hadi kwenye msuli, msuli unalegea, damu inapita kwa nafasi. Robert Furchgott wa New York alilionyesha hili mwaka 1980 kwa aota ya sungura: vipande vilivyosuguliwa upande wa ndani vilikataa kulegea, vile ambavyo havikusuguliwa vililegea. Kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwamba asetilikolini inakaza aota, kumbe namna walivyokuwa wakiiandaa ilikuwa inaondoa endothelia bila wao kujua. Mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad.

Kwa hiyo siku ile, kabla sijakitupa kipete changu, mkuu wangu wa maabara akasema dondosha nitroprusidi ya sodiamu. Hii inatoa gesi ileile bila kupitia endothelia. Nikadondosha. Mstari ukaporomoka mpaka chini.

Msuli ulikuwa mzima kabisa. Tulipima vipete vingine vya panya yuleyule, na wenzake wote wa upande wa maranda mabichi, ikawa hivyohivyo. Lile tabaka moja la ndani ndilo lililokuwa limeacha kuitikia, na kwa nje mshipa ulikuwa mweupe, laini, mzuri kama wa mwenzake. Hakuna ambacho macho yangu yangeweza kukiona.

Nitaendelea jioni, umeme unasuasua huku.

Binti Tukuyu

Ndaga fijo mkuu, leo nimeelewa kitu. Swali: kwa panya wa sukari ile gesi haitengenezwi, au inatengenezwa halafu inapotea njiani?

Mzawa wa Uyole

Dada, umeuliza swali ambalo watu wamelihangaikia miaka mingi. Yote mawili, na moja linamzaa mwenzake.

Seli za endothelia hazina mlango wa kufunga glukosi ikizidi. Msuli wa mguu au seli ya mafuta inasubiri insulini ndipo iingize kwa wingi, endothelia inaingiziwa tu kadiri damu ilivyo. Glukosi ikijaa ndani, vinu vya nishati vya seli, yaani mitokondria, vinachoma kupita kiasi na kuvujisha oksijeni kali iitwayo supaoksidi. Supaoksidi na nitriki oksidi zikikutana zinashikana papo hapo, haraka kuliko karibu kitu kingine chochote mwilini. Gesi imekwisha kabla haijaufikia msuli. Kinachozaliwa hapo kinaitwa peroksinitriti, nacho ni mharibifu: kinaunguza kisaidizi ambacho kimeng'enya cha kutengeneza nitriki oksidi hakiwezi kufanya kazi bila hicho. Kimeng'enya kikikosa kisaidizi chake hakinyamazi. Kinaanza chenyewe kutoa supaoksidi. Kiwanda cha dawa kimegeuka kiwanda cha sumu, kwenye jengo lilelile, kwa malighafi ileile.

Hili linajaribika mezani. Ukitia kwenye yale maji kimeng'enya kinachomeza supaoksidi, kipete cha panya wa sukari kinaanza kulegea vizuri zaidi, dakika hiyohiyo.

Na si kulegea tu kunakopungua. Endothelia iliyougua inatoa pia vitu vya kukaza, jamii ya prostaglandini. Kuna kazi ya mwaka 1990 ya aota ya sungura wasio na kisukari kabisa: ziliwekwa kwenye glukosi nyingi kwa saa chache tu, kulegea kukapungua na vile vikazaji vikaongezeka. Saa chache! Mimi hiyo ndiyo iliyoniondolea usingizi kuliko zote.

Muda nao una mambo. Siku za mwanzo kabisa baada ya sindano, mshipa wa panya unaweza hata kulegea kuliko kawaida, kama unajitetea. Wiki ya kwanza au ya pili unaonekana sawa na wa mzima. Wiki ya nane ndiyo unakuta kile nilichosimulia. Ukipima wiki ya pili utaandika ripoti kwamba hakuna tatizo.

Kijana wa Mwanjelwa

Mkuu heshima yako. Kama shida ni hiyo oksijeni kali, si watu wanywe vitamini E na C yaishe? Na mimi nauza unga wa mlonge, nimeonyeshwa makala inasema panya wa streptozotosini walipewa mlonge, sukari ikashuka. Wateja wangu wengi wananiuliza, nataka nijue nawaambia nini.

Mzawa wa Uyole

Kijana, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuwaambia.

Vitamini kwanza. Wazo lako ndilo walilokuwa nalo madaktari. Likajaribiwa kwa watu zaidi ya 9,000 waliokuwa kwenye hatari ya magonjwa ya moyo, zaidi ya theluthi yao wana kisukari, nusu wakapewa vitamini E na nusu kidonge kitupu kwa kama miaka minne na nusu. Majibu yalitoka mwaka 2000. Mshtuko wa moyo, kiharusi, vifo, hapakuwa na nafuu yoyote. Naelewa hivi: supaoksidi inazaliwa ndani ya seli kila sekunde na inaimeza nitriki oksidi papo hapo. Vitamini ya kumeza haiwahi.

Mlonge. Ukisoma makala ya panya, tazama mambo mawili. Dozi ya streptozotosini ilikuwa kiasi gani? Ikiwa ndogo, baadhi ya seli za kongosho zinabaki na panya anaweza kujirudi mwenyewe hata ukimpa maji matupu. Na je, walipima nini? Wengi wanapima sukari ya siku ile wanafunga daftari. Mshipa hawakuutoa, hawakuuning'iniza. Mimi nimeona panya ambaye sukari yake imeshuka na kipete chake bado kimekwama.

Waambie wateja wako mlonge ni mboga nzuri, wale, na vidonge vya hospitali wasiache. Ukiwaambia waache, ukweli wa huyo panya hautakusaidia.

Tabibu wa Kihesa

Kamwene. Nimesoma yote kwa makini, hongera kwa maelezo. Ila lazima niseme: panya ni panya. Huyo wako kaungua kongosho lote kwa siku mbili, wakati wagonjwa ninaowaona mimi hapa Iringa wengi ni aina ya pili, watu wazima, insulini wanayo ila mwili hauisikii, na shinikizo la damu juu. Aota ya panya haifi kama mguu wa binadamu unavyokufa. Usije ukawaogopesha watu kwa ugonjwa ambao si wao.

Mzawa wa Uyole

Tabibu, nakubali, na ungenikuta maabara ungekuta tunabishania hilohilo.

Ndiyo maana kuna panya wa namna nyingine. Zucker amezaliwa na kasoro kwenye kipokezi cha leptini, homoni ya shibe, anakula bila kushiba, ananenepa, insulini inamsumbua. Goto-Kakizaki wa Japani hana unene, alipatikana kwa kuwazalisha kizazi baada ya kizazi wale panya waliokuwa wazito kushusha glukosi. Hao hawakuchomwa sumu yoyote, wanafanana zaidi na wagonjwa wako, na endothelia yao nayo inaishia kuugua. Njia tofauti, mlango mmoja.

Na kwa binadamu imepimwa. Miaka ya 1990 watafiti waliingiza dawa ya jamii ya asetilikolini kwenye ateri ya mkono wa watu wenye kisukari wakapima damu inavyoongezeka. Iliongezeka pungufu kuliko kwa wasio na kisukari, aina ya kwanza na aina ya pili pia.

Ulichosema kuhusu aota nakiunga mkono kabisa, na ni kosa langu kuiweka mbele. Aota ni rahisi kuishika, ndiyo maana tunaipenda. Lakini mguu, jicho na figo vinaharibikia kwenye mishipa midogo, na midogo haitegemei nitriki oksidi peke yake kulegea, ina ishara nyingine ya umeme inayotoka kwenye endothelia, nayo inadhoofika kwa panya wa sukari. Pia panya hawafiki kule wagonjwa wako wanakofika. Jicho la panya wa sukari halioti ile mishipa mipya inayovuja damu na kupofusha watu. Wanaishi miaka miwili, mitatu, ugonjwa haupati muda.

Tabibu wa Kihesa

Hapo tumeelewana. Endelea na hiyo mishipa midogo, hasa ya neva. Huko ndiko miguu inakopotelea.

Mama Brayan wa Makete

Jamani mimi ninalo la nyumbani. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba ni baridi hasa, bibi yetu ana sukari na kila jioni anaota moto wa mkaa, miguu kaiweka karibu kabisa. Tukimwambia asogee anasema hausikii moto. Tunadhani ni uzee. Kuna uhusiano?

Mzawa wa Uyole

Mama Brayan, tafadhali kabla hujamaliza kusoma hapa, kamsogeze bibi. Usimuulize kama anasikia joto. Pima wewe kwa mkono wako.

Uhusiano upo, na nimeujua kwa baba yangu mzazi.

Neva nayo ni kiungo hai, ina mishipa yake midogo inayoilisha. Kwa panya wa sukari, damu inayopita kwenye neva kubwa ya mguu wa nyuma hupungua mapema, ndani ya wiki chache, na kasi ya neva kupeleka taarifa nayo inashuka. Ukimpa dawa ya kutanua mishipa, kasi inapanda. Kwa hiyo kabla sukari haijauchosha mguu wenyewe, inaweza kuwa imeshaufunga mdomo. Mguu unaungua hausemi.

Baba alipimwa sukari miaka sita kabla sijaajiriwa. Ilikuwa 9 mmol/L, kipimo cha asubuhi kabla ya kula. Kwenye zahanati moja, siitaji, wakamwambia imepanda kidogo, apunguze soda. Baba hanywi soda. Kipimo cha asubuhi kikifika 7 mmol/L na ukarudia kikakutwa hivyohivyo, huo ni kisukari, hakuna kidogo. Akarudi shambani. Hakuumwa popote, kwa hiyo hakurudi kupima, na sisi watoto hatukumfuatilia.

Mwaka niliorudi, Julai, tumekaa jikoni, baba na jiko lake, soksi za sufu miguuni. Nikasikia harufu. Nikadhani mama kaunguza maziwa. Nikatazama chini, ncha ya soksi ya kulia inafuka moshi na baba ananisimulia habari za bei ya viazi, sentensi haijakatika. Nikauvuta mguu. Soksi ilikuwa imeshikana na ngozi ya kidole gumba. Baba akanitazama akaniuliza, "Vipi mwanangu, kuna nini?"

Nilikuwa nimetoka kuning'iniza vipete vya panya miaka minne. Nilijua dozi za fenilefrini kwa kichwa. Na sikuwahi hata siku moja kumvua baba soksi nikamtazama miguu.

Kidole kimoja kilikatwa. Mguu ulibaki.

Mama Brayan wa Makete

Pole sana kaka. Nimemsogeza. Nyayo zina malengelenge mawili, hakujua. Kesho tunashuka naye hospitali.

Binti Tukuyu

Pole Mzawa. Pole Mama Brayan, usiyatumbue hayo malengelenge, yafunike na kitambaa kisafi mpaka mfike.

Mwalimu wa Njombe

Nina swali ambalo huenda si la hapa, ila linanisumbua tangu mwanzo wa uzi. Hao wanyama hawateseki?

Mzawa wa Uyole

Ni la hapa kabisa mwalimu. Panya wa kisukari anaumwa, sitakuficha. Kuna kanuni tatu zilizoandikwa na Russell na Burch mwaka 1959: badala ya mnyama tumia kitu kingine kama inawezekana, tumia wachache iwezekanavyo, na punguza maumivu yao. Kwetu kamati ilikuwa inauliza idadi kabla hujapewa hata panya mmoja. Ndiyo maana kutoka aota moja tulikata vipete vinne na zaidi, kila kimoja kikajibu swali lake. Maranda nilibadilisha kila siku hata Jumapili. Insulini yenyewe tuliipata kwa njia hiyo: mwaka 1889 Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho, akapata kisukari. Mwaka 1921 Banting na Best kule Toronto wakawarudishia mbwa kile kilichokosekana, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14 akachomwa sindano ya kwanza. Sijawahi kuwachukulia wale panya kama vifaa.

Tabibu wa Kihesa

Swali la mwisho kutoka kwangu, na nadhani ndilo wagonjwa wanalolihitaji. Mlikuwa na kundi la insulini? Mshipa unarudi?

Mzawa wa Uyole

Tulikuwa nalo. Daftari langu liko kwenye sanduku, nipe leo nilitafute nisiseme kwa kumbukumbu.

Wakati nalitafuta, soma hii. Mwaka 1987 Engerman na Kern walitoa matokeo ya mbwa wenye kisukari waliofuatiliwa miaka mitano. Kundi la kwanza sukari iliachwa juu miaka yote mitano, macho yakaharibika. La pili ilidhibitiwa vizuri miaka yote, macho yakabaki karibu salama. La tatu iliachwa juu miaka miwili na nusu, kisha ikadhibitiwa vizuri miaka miwili na nusu. Wakati wa kubadilisha, macho ya kundi hili hayakuwa na dalili za maana. Na bado yaliendelea kuharibika wakati sukari ni nzuri. Mishipa ilikuwa na kumbukumbu.

Kwa binadamu ilionekana vilevile baada ya utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa 1993. Makundi yote mawili, la waliodhibiti sukari sana na la waliotibiwa kawaida, yalipokuja kuwa na vipimo vinavyokaribiana, waliokuwa wamedhibiti mapema waliendelea kuwa na macho, figo na mioyo salama zaidi kwa miaka mingi.

Mzawa wa Uyole

Wakuu, daftari nimelipata, kurasa zimekula unyevu kidogo lakini michoro inasomeka.

Tulikuwa na makundi manne. Wazima. Wa sukari bila tiba. Wa sukari waliopewa insulini kuanzia siku ya tatu. Wa sukari walioanzishiwa insulini wiki ya nane, wakapimwa wiki ya kumi na mbili.

Walioanza siku ya tatu, mistari yao ukiiweka juu ya ile ya wazima inalala karibu sawasawa, ukificha namba huwezi kuwatenganisha. Wale wa wiki ya nane walipanda uzito vizuri, chupa zao za maji zikarudi kwenye mililita 40, maranda yakakauka. Kwa macho walikuwa wamepona. Vipete vyao vilishuka kupita vile vya wasiotibiwa, vikakwama robo ya njia kabla ya kufika. Pembeni niliandika kwa kalamu ya risasi: "rudia". Tulirudia mara tatu.

Baba alikuwa amekaa pembeni wakati nageuza kurasa. Akaniomba nimweleze zile rangi nne. Nikamweleza taratibu, kwa Kinyakyusa, kama nilivyowaandikia ninyi. Akanyamaza muda, akaweka kidole kwenye karatasi akauliza yeye ni mstari upi.

Nikamwonyesha ule wa nne. Nikamwonyesha pia ulivyo chini ya ule wa wasiotibiwa, na nafasi iliyopo katikati yao.

Akaitazama ile nafasi. Kisha akavua soksi, akanyoosha mguu kwenye paja langu kama kila usiku, nami nikawasha tochi ya simu nikaanza na katikati ya vidole.

Mama Brayan wa Makete

Tumefika hospitali salama. Wamemsafisha, wamempa kitabu cha kliniki, na wametuandikia kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Bibi anawasalimu wote.